Miungu Iliyovuliwa Kinyago: Ushuhuda na Unabii katika Ulimwengu wa Morrowind

Hekalu linapoficha sehemu ya maandiko yake, ni nani anayedhurika zaidi: ni yule aliyekatazwa kuyasoma, au ni yule ambaye imani yake ingebomoka kama angeyasoma? Swali hili ni la kale, na wasomaji wa jarida hili wamekutana nalo mara nyingi katika historia ya dini. Katika makala haya tunakusudia kulifuatilia katika mchezo wa kompyuta uitwao The Elder Scrolls III: Morrowind, uliotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Bethesda ya Marekani. Tutauhakiki kama vile tungehakiki riwaya au tamthilia, kwa maana unao wahusika, mgogoro, maandiko na hoja. Maoni yetu ni kwamba kiini cha mchezo huu si ushujaa bali ni ushuhuda. Unamfundisha mchezaji kuupima ushuhuda kwa uangalifu mkubwa, kisha unamwacha na swali ambalo wenyewe haulijibu: miungu ya uongo ikiisha kufunuliwa, ni nani atakayewatunza watu waliokuwa wakiitegemea?

Ulimwengu wenyewe

Kisa kinatendeka Vvardenfell, kisiwa kilicho katika jimbo la Morrowind, mwaka 427 wa Enzi ya Tatu kwa hesabu ya ulimwengu huo wa kubuni. Wenyeji ni Wadunmer, watu wenye ngozi ya kijivu na macho mekundu. Katikati ya kisiwa umesimama Mlima Mwekundu, volkano inayotoa dhoruba za majivu na maradhi. Mlimani humo anakaa Dagoth Ur, adui wa Hekalu, ambaye hutuma ndoto kwa watu waliolala. Hekalu nalo linawaabudu miungu watatu walio hai, yaani Vivec, Almalexia na Sotha Sil, ambao hapo kale walikuwa wanadamu wa kufa kama wengine.

Mchezaji anaanza akiwa mfungwa anayeshushwa kutoka katika merikebu kwenye kijiji cha Seyda Neen. Mfalme mkuu wa dola ameamuru aachiliwe, wala hakuelezwa sababu. Tangu hapo yu huru kwenda apendako. Hakuna mshale unaomwonyesha njia. Akitaka kufika pangoni au kaburini, hana budi kumwuliza mwenyeji, kuyaandika maelezo katika daftari lake, kisha kutafuta mto, daraja au jiwe alilotajiwa. Pengine maelezo hayo hayatoshi. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini ndilo msingi wa mchezo mzima: hata njia ya kawaida mtu huijua kwa neno la mwingine, naye hulazimika kuamua kama neno hilo laaminika.

Mashahidi wasiopatana

Yale yanayotakiwa katika njia, yanatakiwa pia katika historia. Fumbo kuu ni kifo cha Nerevar, jemadari wa kale aliyewaongoza watu wake katika vita vya Mlima Mwekundu. Mlimani humo jamii ya Wadwemer walikuwa wameuvumbua Moyo wa Lorkhan, uliokuwa na nguvu za kiungu, na fundi wao mkuu, Kagrenac, alikuwa ametengeneza vyombo vya kuutumia. Siku ya vita Wadwemer wote walitoweka, Nerevar akafa, na baada ya muda washauri wake watatu wakawa miungu. Je, Nerevar alikufaje?

Vivec ameandika kwamba Nerevar alikufa kwa majeraha aliyoyapata alipopigana na Dagoth Ur, na kwamba wale watatu walimwapia kutovitumia vyombo vile, kiapo ambacho baadaye walikivunja. Wahamaji wa nyika za majivu wanasimulia vingine. Kwa mapokeo yao, yaliyotoka kwa Alandro Sul, mwandani wa Nerevar, ni washauri wenyewe waliomwua bwana wao. Hekalu linayo nakala ya mapokeo hayo, lakini imewekwa pamoja na maandiko ya siri ambayo waumini wa kawaida hawaruhusiwi kuyaona.

Mtunzi dhaifu angeingiza mwishoni sauti ya juu ya kutoa hukumu. Hapa hapana sauti kama hiyo. Mchezaji anaweza kusimama mbele ya Vivec na kumwuliza uso kwa uso kuhusu mashtaka hayo, naye atayakana. Lakini katika maandiko yake matakatifu, yaitwayo Masomo 36 ya Vivec na yaliyoandikwa na Michael Kirkbride, zimo nambari ambazo msomaji akizitumia kuhesabu maneno hupata sentensi zilizofichwa, na sentensi hizo ni ungamo la mauaji. Basi shahidi yule yule anakana kwa kinywa na kukiri kwa kalamu. Nasi tunaona kwamba huu si mchezo wa mafumbo tu. Ni picha ya dhamiri isiyoweza kunyamaza kabisa, hata inapokaa juu ya kiti cha enzi.

Unabii na utimilifu wake

Wahamaji wanao pia unabii kwamba Nerevar atazaliwa upya na kuwaondoa miungu wa uongo. Mfungwa wetu ameletwa kwa sababu siku ya kuzaliwa kwake na kutojulikana kwa wazazi wake vinapatana na maneno ya unabii huo. Hapa mchezo unaleta shaka yenye uzito. Serikali ya dola inaufahamu unabii, na inayo faida ya kisiasa ukitimia. Je, mtu aliyetafutwa na maofisa ili afanane na unabii ni mteule wa mbingu au ni chombo cha watawala?

Shaka hiyo haiondolewi. Katika pango takatifu mchezaji anakutana na roho za watu waliomtangulia, ambao nao walijiona kuwa ndio waliotabiriwa, wakafa kabla ya kuikamilisha kazi. Hawakuwa wadanganyifu wote. Wengine walikuwa watu hodari. Kisha mchezaji anatakiwa kukubaliwa na koo tatu kubwa na makabila manne ya wahamaji, na kukubaliwa huko mara nyingine hupatikana kwa zawadi, kwa hila, au kwa upanga. Unabii unatimia kwa matendo ambayo kila mtu angeweza kuyafanya kama angepata nafasi. Mwishowe Dagoth Ur mwenyewe anamwuliza kama kweli yeye ni Nerevar aliyezaliwa upya, na mchezaji anachagua jibu. Anaweza kukubali, anaweza kukataa, naye atapigana vita vile vile.

Torati inatoa vipimo viwili vya nabii. Katika Kumbukumbu la Torati 18 neno lisilotimia halikutoka kwa Bwana. Katika sura ya 13 hata ishara iliyotimia haitoshi, ikiwa anayeitoa anawavuta watu kufuata miungu mingine. Wengi hukikumbuka kipimo cha kwanza na kukisahau cha pili. Morrowind, bila kukusudia kufundisha Torati, unaonyesha kwa nini cha pili kinahitajika. Unabii wa wahamaji unatimia mbele ya macho yetu, na bado hatuwezi kusema kwa hakika ni nani aliyeutimiza na kwa nia gani. Tena mchezo unaruhusu unabii uvunjike. Mchezaji akimwua mtu ambaye kisa kinamhitaji, anaonywa kwamba uzi wa unabii umekatika. Lakini hafungiwi mlango, na anaweza kuendelea kuishi katika ulimwengu alioutia hasara. Ni hadithi chache zinazompa msomaji wake uhuru wa kutisha namna hii.

Makuhani wapinzani

Msomaji wa Kilutheri atakapowafikia makuhani wapinzani atashawishika kuyaona Matengenezo ya Kanisa. Wamo makuhani waliojificha katika monasteri ya Holamayan, wanaotaka maandiko ya siri yafunguliwe, na Hekalu linawawinda. Wakikamatwa hufungwa katika Wizara ya Kweli, gereza lililochongwa ndani ya jiwe kubwa linaloelea angani juu ya mji wa Vivec. Ufanano upo, lakini twapaswa kuutumia kwa tahadhari. Luther mwaka 1517 hakupinga tu uuzaji wa vyeti vya rehema. Alikuwa na neno la kuwapa wale ambao vyeti hivyo vilikuwa vikiwafariji kwa uongo. Makuhani wa Holamayan wanajua mambo ambayo Hekalu linayaficha, na ujasiri wao ni wa kweli. Walicho nacho, hata hivyo, ni historia iliyosahihishwa. Habari njema hawana. Wanaweza kumwambia mjane kwamba mungu aliyemwomba ni mwuaji. Hawana la kumwambia baada ya hapo.

Gharama ya kweli

Tunadhani hapa ndipo uzito wa kisa ulipo. Hekalu la Morrowind ni la uongo, lakini si la uvivu. Linahimiza ukarimu na unyenyekevu kwa safari za hija. Miungu wale watatu wameujenga Uzio wa Mizimu kuuzunguka Mlima Mwekundu, na kwa muda mrefu uzio huo umeyazuia maradhi yasifunike kisiwa chote. Mapokeo ya Hekalu husema kwamba hata lile jiwe lililo juu ya mji ni Vivec aliyelizuia lisianguke. Ulinzi huo wote unatokana na Moyo wa Lorkhan, na Moyo huo ndio pia unaompa Dagoth Ur nguvu. Haiwezekani kumwangusha yeye na kuwaacha wao.

Vivec analijua hilo, na bado anampa mchezaji kinga ya mkono iitwayo Wraithguard, ambayo bila hiyo vyombo vingine havishikiki salama. Anaamuru pia kwamba makuhani wapinzani wasiteswe tena. Hivyo mungu wa uongo anautia sahihi mwisho wa uungu wake. Mchezaji anashinda, Moyo unatoweka, dhoruba mlimani zinakoma, na kwa mara ya kwanza anga linatakata.

Watunzi wangeweza kuishia hapo. Lakini kazi zilizofuata katika mfululizo huo zilikumbuka deni. Riwaya ya Greg Keyes, The Infernal City, ya mwaka 2009, na mchezo wa Skyrim wa mwaka 2011 zinaeleza kwamba baada ya Vivec kutoweka jiwe lile lilianguka, mji ukaangamia, na Mlima Mwekundu ukalipuka. Katika Skyrim tunawaona Wadunmer wakimbizi katika mtaa duni wa mji wa Windhelm, wakidharauliwa na wenyeji. Wao ndio wajukuu wa wale tuliowaokoa katika uongo. Mwenye kubomoa madhabahu asiulize tu kama madhabahu ilistahili kubomolewa. Aulize pia nani alikuwa akijikinga mvua chini yake.

Upungufu

Hatuwezi kuusifu mchezo huu bila kutaja mahali unapopunguka. La kwanza ni utumwa. Wadunmer wa Morrowind wanamiliki watumwa, hasa Waargonia na Wakhajiit, na mchezaji anaweza kuwafungua mmoja mmoja, hata kushirikiana na watu wanaowatorosha kwa siri. Hilo ni jema. Lakini katika kisa kikuu suala hili halina nafasi. Mchezaji anaweza hata kuwa Mwargonia, na mabwana wenye watumwa wa kabila lake wakamtangaza kuwa kiongozi wao wa vita, bila jambo hilo kutikisa chochote. Ulimwengu uliojali mno nani alimwua jemadari mmoja zamani za kale unapita kando ya minyororo iliyopo leo. Hapo watunzi walikuwa na mkasa mkubwa mkononi, wakauacha.

La pili ni kwamba ulimwengu hausikii vya kutosha. Mtu anaweza kuwa mkuu wa chama cha wapiganaji na cha wachawi, kushika daraja ya juu katika Hekalu, na papo hapo kuwa yule ambaye Hekalu lilimwita mzushi. Vyeo vinajazana kama shanga katika uzi, wala kimoja hakikiulizi kingine. Uhuru wa kwenda popote umenunuliwa kwa kupunguza matokeo ya kwenda huko. La tatu, mchezo uliojengwa juu ya kusikiliza unamalizika kwa silaha. Tunakiri kwamba Dagoth Ur haachi nafasi ya upatanisho. Hata hivyo ni ajabu kwamba baada ya vitabu vingi na mashahidi wengi, neno la mwisho ni pigo la silaha.

Hitimisho

Upungufu huo haufuti thamani ya kazi hii. Hadithi nyingi za kufikirika humpa msomaji mteule asiye na shaka na mwovu asiye na hoja. Morrowind unatupa mteule asiyejua kama ameteuliwa, na mungu anayeficha ungamo lake ndani ya maandiko yake. Kwa wale wanaojiandaa kuwafundisha wengine, somo lake ni la kiasi. Kuficha kweli ili kulinda imani ya wanyonge ni dhambi ya Hekalu, na mchezo unaihukumu ipasavyo. Lakini kuitangaza kweli na kuondoka, kana kwamba kazi imekwisha anga linapotakata, ni dhambi nyingine, nayo hutendwa na washindi. Jiwe lingali juu ya mji. Aliyeyakata mamlaka yaliyolishikilia ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuwahamisha watu walio chini yake.