Kipaza Sauti Kisichopaza: Uhakiki wa Istilahi za Studio ya Nyumbani

Kutoka ofisi za Kivukoni hadi maduka ya Kariakoo si mwendo wa kumchosha mtu, lakini kwa upande wa istilahi za kurekodi sauti, umbali uliopo kati ya ofisi na duka ni mkubwa. Ofisini hutafsiriwa maelezo ya vyombo na mihtasari ya mafunzo. Dukani ndiko aendako kijana mwenye akiba ndogo anayetaka kugeuza chumba chake kuwa studio. Twakusudia kuyapima maneno machache ya pande zote mbili kwa kipimo kimoja tu: je, neno hili lamwongoza mnunuzi kwenye chombo anachokihitaji, au lampoteza?

Zamani swali hili halikuwa na uzito. Katika miaka ya 1970 bendi za Dar es Salaam zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania. Vyombo vilikuwa vya umma, na majina yake yalikuwa kazi ya mafundi. Mwimbaji aliimba, akaenda zake. Miaka ya 1990 zikaenea studio za watu binafsi, kama vile MJ Productions na Bongo Records, na kompyuta ikaanza kushika nafasi ya utepe. Siku hizi mwimbaji aghalabu ndiye fundi, ndiye mnunuzi, na ndiye msomaji wa maelezo yaliyotafsiriwa. Kosa la mtafsiri sasa hulipiwa na yeye, tena kwa fedha taslimu.

Tuanze na 'kipaza sauti'. Neno hili limezoeleka kwa maana ya maikrofoni, na limo katika vitabu vya shule na katika taarifa za habari. Asili ya mazoea hayo si vigumu kuiona. Kwenye mikutano ya hadhara, iwe Jangwani au Mnazi Mmoja, watu walikiona chombo kilicho mbele ya mdomo wa msemaji na papo hapo wakaisikia sauti yake imepaa. Chombo cha mkononi, kikuza nguvu na tarumbeta iliyofungwa juu ya mti vikahesabiwa kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana hata leo mtu mmoja hutumia 'kipaza sauti' kwa maikrofoni na mwingine huitumia kwa spika, na wote wawili hueleweka, mradi wamo mkutanoni.

Katika studio hawaeleweki. Maikrofoni haipazi chochote. Hupokea mtikisiko wa hewa na kuugeuza kuwa umeme dhaifu mno, ambao hauna budi kukuzwa na chombo kingine kabla haujafaa kurekodiwa. Anayeamini kwamba ana 'kipaza sauti' hategemei kununua kikuzaji, na akifika nyumbani hushangaa kusikia sauti yake imekuwa mnong'ono. Sisi twaona 'kipaza sauti' liachiwe spika na mfumo mzima wa mikutano, na chombo hiki kiitwe 'maikrofoni', au 'maiki' katika mazungumzo. Wako watakaopendekeza 'kinasa sauti'. Neno hilo ni zuri, lakini limekwisha kuposwa: kwa miaka mingi limekuwa jina la tepurekoda, yaani chombo kinachohifadhi, si kile kinachopokea.

Neno la pili ni la kisanduku kilichoko kati ya maiki na kompyuta. Kazi yake ni kuukuza ule umeme dhaifu, kisha kuupima na kuuandika kama tarakimu. Kwa kiwango cha santuri za CD, hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Baadhi ya watafsiri, wakifuata orodha za istilahi za kompyuta, hukiita 'kiolesura cha sauti'. Hapa hatuna budi kusema wazi kwamba tafsiri hii haifai. 'Kiolesura' kilibuniwa kwa mambo ya skrini, pale mtumiaji anapoiona sura ya programu, na kwa kazi hiyo chafaa. Kisanduku chetu hakina sura ya kuoneshwa. Kina matundu ya waya na vitufe viwili vitatu. Kuhamisha istilahi kwa sababu tu lugha ya asili hutumia neno moja pande zote mbili ni kutafsiri herufi, si jambo.

Madukani husemwa 'saundikadi'. Wapinzani watasema kwamba si kadi tena, kwani ile kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta imepitwa na wakati. Hoja hiyo haitusumbui. Kariakoo yenyewe imepata jina kwa Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wameondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na jina halijampoteza mtu njia. Kinachotusumbua ni kingine. Jina hilohilo la saundikadi hupewa kisanduku chenye vitufe vya vicheko na makofi, kinachotumiwa na watu wanaojitangaza moja kwa moja kwa simu. Bei yake ni ndogo, hivyo humvutia anayeanza, lakini si chombo cha kurekodia wimbo. Tuliwahi kufikiria 'kigeuzi sauti', tukaona kwamba kitamkumbusha mtu yuleyule chombo cha kubadili sauti ya msichana iwe ya mzee. Afadhali 'saundikadi ya kurekodia', yenye kiambishi kinachotaja kazi. Ni refu kidogo, bali muuzaji akilisikia atajua ageukie rafu ipi.

Hatusemi kwamba duka husema kweli daima. Vijana huita muziki wa ala unaoimbiwa 'biti', na maelezo ya saundikadi nayo hutaja 'biti 16' au 'biti 24', yaani wingi wa tarakimu zinazotumika kuandika kila kipimo cha sauti. Anayeanza husoma 'biti 24' akadhani amepewa nyimbo ishirini na nne za bure. Neno 'mdundo' lipo, ni letu, na vijana wenyewe hulitumia. Yafaa walimu walishikilie, na 'biti' iachiwe kompyuta.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, liko katika 'saundiprufu'. Neno hili moja limebebeshwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kuzuia sauti isiingie wala isitoke: honi, jenereta la jirani, mvua juu ya bati. Jambo hili lahitaji uzito wa ukuta na kuzibwa kwa kila upenyo, na dirisha la wavu haliwezi kulifanya. La pili ni kupunguza sauti inayorudi kutoka kwenye kuta za chumba. Hili lafanywa na godoro, blanketi, mapazia mazito, au kabati lililojaa nguo. Kwa kuwa yote huitwa saundiprufu, watu hugundisha trei za mayai ukutani wakitumaini kuwanyamazisha majirani. Trei ni karatasi nyepesi; honi hupita kana kwamba hakuna kitu, na hata sauti ya chumbani hupungua kidogo tu, tena ile nyembamba. Twapendekeza 'kuziba sauti' kwa jambo la kwanza na 'kufyonza sauti' kwa la pili. Mwenye fedha chache aambiwe afyonze, na arekodi usiku.

Tena kinachofyonzwa kisiitwe 'mwangwi'. Ili sikio litenge mwangwi na sauti ya asili, ukuta hauna budi kuwa mbali kiasi cha mita 17. Chumba cha mita tatu kwa nne hakina mwangwi, kina 'marejeo ya sauti'. Tunajua kwamba 'marejeo' ni mali ya wanaoandika vitabu. Hatudhani kwamba kuna atakayetafuta orodha ya vitabu ndani ya godoro.

Limebaki jambo la maiki ya kondensa, ambayo haifanyi kazi bila umeme wa volti 48 unaopelekwa kwa waya uleule unaoleta sauti. Jina la kigeni la umeme huu humaanisha kivuli au mzuka, na anayelitafsiri neno kwa neno atapata 'nguvu ya mzuka', jambo la kumfanya mzazi azuie studio nyumbani mwake. Tungeandika 'umeme wa maiki, volti 48', na tungeongeza kwamba maiki ya dainamiki haiuhitaji, na kwamba kwa chumba kilicho kando ya barabara ya Kariakoo ndiyo itakayosikia machache zaidi ya yale yasiyotakiwa, mradi mwimbaji aisogelee.