Tuhuma Kabla ya Ushahidi: Riwaya ya Upelelezi ya Uswidi na ya Kiswahili kwa Msomaji wa Katavi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imezoeleka kuwekwa katika kundi la fasihi pendwa, ilhali ile ya Skandinavia, tangu Maj Sjöwall na Per Wahlöö walipochapisha riwaya zao kumi kati ya 1965 na 1975, husomwa kama uhakiki wa jamii. Mgawanyo huo hautoshi. Kipimo kinachofaa zaidi ni namna riwaya inavyoishughulikia tuhuma inayoutangulia ushahidi.

Katika Mördare utan ansikte (1991), yaani wauaji wasio na sura, Henning Mankell anasimulia kisa cha wazee wawili, mume na mke, wanaoshambuliwa shambani kwao kusini mwa Uswidi. Kabla ya kukata roho, mke anatamka neno linaloashiria mgeni. Habari zinapovuja, wakimbizi wanashambuliwa na Msomali asiye na hatia anauawa. Mwishoni wauaji wa wazee wanabainika kuwa wageni kweli. Yawezekana kuuona mwisho huo kuwa udhaifu, kwamba unawapa haki waliochukia. Uhakiki huu unauona kuwa ndio nguvu ya riwaya: hatia ya wageni wawili haiuhalalishi mkono uliomuua wa tatu.

Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anaiweka maiti ya Bwana Ali, mwenye mali, mahali panapoogopwa. Bwana Msa anaitenga hofu na ushahidi, na kudhihirisha kuwa aliyeua ni mtu. Hata hivyo, fumbo likishateguliwa, jamii haiulizwi kwa nini ilikuwa tayari kuusadiki mzimu.

Katavi, mkoa ulioanzishwa 2012, una jina linalotokana na Katabi, mzimu unaohusishwa na mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Makazi ya Katumba na Mishamo yaliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Aidha, magharibi mwa nchi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Kwa msomaji wa mazingira haya, Abdulla anakumbusha kuwa mzimu hauui. Mankell anaongeza kuwa kosa la mgeni mmoja si kosa la wageni wote. Riwaya ya upelelezi itakayoihusu Mpanda haitakamilika kwa kumkamata muuaji pekee. Itapaswa kuwahoji pia majirani walioamini kabla ya kuuliza.