Mwalimu kichwa, mwalimu anayeeleweka: tuusome tena utafiti wa COACTIV

Bila shaka umewahi kufundishwa na mwalimu wa hisabati ambaye shule nzima ilikubali kwamba ni kichwa, ila kipindi kikiisha daftari lako limejaa na wewe hujaelewa kitu. Ukianzisha mjadala kuhusu mwalimu huyo utasikia kambi mbili. Moja inasema tuajiri waliosoma hisabati nyingi zaidi chuoni. Nyingine inasema ualimu ni wito, hisabati ya kidato cha pili si ngumu kiasi hicho. Utafiti mmoja wa Ujerumani, COACTIV, unaweza kutumiwa na kambi zote mbili, kila moja ikichukua nusu yake. Ndiyo maana nataka tuukague.

Watafiti walitumia nafasi ya PISA ya mwaka 2003: wanafunzi walipimwa, wakapimwa tena mwaka uliofuata wakiwa darasa la 10, na walimu wao wakachunguzwa pia. Uchambuzi wa Jürgen Baumert na wenzake, uliochapishwa 2010, ulihusu madarasa 194 yenye wanafunzi 4,353. Kilichonivutia ni kwamba walimu hawakuulizwa tu wana vyeti gani. Walifanyishwa mtihani! Maswali mengine yalipima hisabati yenyewe: je, 0.999… ni sawa na 1? Toa sababu. Mengine yalipima ujuzi wa kuifundisha: mwanafunzi haelewi kwa nini −1 × −1 ni 1, mweleze kwa njia nyingi kadiri unavyoweza.

Hebu jaribu hilo la pili kabla hujaendelea. Kusema "hasi mara hasi ni chanya" haihesabiki, maana hicho ndicho asichokielewa. Unaweza kupanga 3 × −1, 2 × −1, 1 × −1, 0 × −1. Majibu ni −3, −2, −1, 0, yanapanda kwa moja kila hatua; basi hatua inayofuata ni ipi? Au unaanza na −1 × (1 + −1), ambayo lazima iwe 0, ukafungua mabano. Njia zote mbili zinataka ujue hisabati. Kujua ipi umpe mtoto aliyeko mbele yako ni ujuzi mwingine kabisa.

Na ujuzi huo wa pili ndio uliotabiri vizuri zaidi maendeleo ya wanafunzi. Hisabati peke yake ilitabiri kidogo.

Muhtasari mwingi unaishia hapo, na hapo ndipo ninapokataa. Katika utafiti huohuo, walimu wa Gymnasium, ambao mafunzo yao ya chuo kikuu yana hisabati nyingi zaidi, walikuwa mbele sana kwenye maswali ya hisabati, na ujuzi wa aina zote mbili ulikwenda pamoja kwa karibu. Kudai kwamba hisabati ya mwalimu si muhimu ni kusifia nazi huku unakata mnazi.

Lalamiko langu kwa watafiti wenyewe ni kipimo cha ufundishaji. Ili kujua kama mwalimu anawafikirisha wanafunzi, walikusanya mitihani aliyoitunga mwaka mzima, wakaichambua. Ni ujanja mzuri, kusema kweli, kwa sababu mtihani uliotungwa hauwezi kujipamba kama majibu ya dodoso. Lakini karatasi haioneshi kinachotokea mtoto akikosea ubaoni mbele ya wenzake. Wanafunzi waliulizwa kama mwalimu huwasaidia, sawa, ila hilo si sawa na kukaa nyuma ya darasa ukaona.

Halafu kuna sisi. Huku Tanzania, wengi waliotoka shule za msingi za serikali wamejifunza "sehemu" na "kipeo cha pili" kwa Kiswahili, wakafika kidato cha kwanza wakakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Mwalimu anayejua mwanafunzi amekwama kwenye hesabu au amekwama kwenye sentensi ana ujuzi ambao maswali yale hayakutungwa kuupima. Kwa hiyo mtu akiyatafsiri maswali ya COACTIV, akayagawa kwa walimu wa Dodoma na kuwapanga kwa alama, muulize kwanza: swali la lugha liko ukurasa gani?