Wayo na Jua: Jinsi Jeni za Melanoma za Wajapani Zilivyohesabiwa

Katika majedwali ya matabibu wa saratani huonekana mstari mmoja usemao kuwa mabadiliko ya jeni iitwayo BRAF hupatikana katika takriban nusu ya melanoma za watu weupe, ilhali kwa Wajapani hupatikana katika robo hadi theluthi tu. Na msomaji mwenye haraka, madhali hakuambiwa zaidi, hudhani kuwa miili ya taifa moja imeumbwa tafauti na miili ya taifa jingine. Nia yangu ni kufuata njia iliyoizaa hesabu hiyo, kwani aliyeifuata hataridhika na dhana ile.

Asili ya habari ni mwaka 2002, wakati wataalamu wa Taasisi ya Sanger, karibu na Cambridge nchini Uingereza, walipotangaza kuwa wameikuta BRAF imegeuka katika 66% ya melanoma walizozichunguza. Jeni hii, iliyoko katika kromosomu ya 7, huongoza utengenezaji wa protini mojawapo katika zile zinazopokezana ndani ya seli amri ya kukua na kugawanyika. Na kosa lake la aghalabu ni la herufi moja tu, T kuwa A, ambalo huondoa valini katika nafasi ya 600 na kuweka asidi ya glutamiki mahali pake, hata protini ikawa inahimiza ukuaji pasipo kuamriwa. (Hapo awali nafasi hiyo iliandikwa 599, mpaka mfuatano wa jeni uliposahihishwa, asomaye makala za wakati ule asije akadhani ni makosa mawili.) Mwaka 2005 Boris Bastian na wenzake wa San Francisco wakazipanga melanoma 126 kwa mahali zilipoota na kwa kiasi jua lilivyoiharibu ngozi ya mahali pale: ngozi iliyodhuriwa na jua kwa miaka mingi, ngozi isiyo na dalili za madhara hayo, nyayo na viganja na chini ya kucha, na utando laini wa ndani ya mwili. BRAF ilijaa katika ngozi isiyo na madhara ya muda mrefu, ikapungua sana kwingineko. Na mwaka uliofuata wakadhihirisha kuwa jeni ya KIT ina kasoro katika zaidi ya theluthi moja ya melanoma za nyayo na viganja, na kadhalika za utando laini. Naihesabu hiyo kuwa hatua kubwa kuliko ya 2002, ijapokuwa haikupata sifa sawa nayo.

Sasa tuingie Japani. Huko melanoma ni maradhi adimu, ambayo kwa mwaka huwapata mtu mmoja au wawili katika kila watu 100,000, na aina iliyo kubwa kwa wingi ni ile ya nyayo, viganja na kucha, ambayo kwa watu weupe ni sehemu ndogo mno ya melanoma zote. Basi mwenye kuchanganya wagonjwa wote na kutoa wastani mmoja anatoa namba iliyo sahihi kihesabu lakini isiyo na faida kwa mgonjwa, kama vile wastani wa kina cha maji ya mlango mzima usivyomwonyesha nahodha mahali pa kupitisha chombo.

Kabla ya kuamini namba yoyote, lakini, yafaa kuitazama kazi ya maabara, maana humo mna hatari tatu ambazo mtu wa nje hazijui. Nyama ya uvimbe kwa kawaida huhifadhiwa kwa formalini, ikazamishwa katika nta, kisha ikakatwa vipande vyembamba sana ambavyo mtaalamu huvitazama kwa hadubini ili akwangue sehemu yenye seli za saratani peke yake. Hatari ya kwanza ni ya hesabu: njia ya Sanger ya kusoma DNA haioni kosa ambalo halijafika takriban 15% hadi 20% ya nakala zote, na kwa kuwa seli ya saratani huwa mara nyingi na nakala moja mbovu na moja nzima, kipande ambacho robo tu ya seli zake ni za saratani kitakuwa na nakala mbovu 12.5%, na jibu litatoka kuwa hakuna kosa, ilhali lipo. Ya pili ni ile rangi nyeusi yenyewe, melanini, ambayo hung'ang'ania DNA na kukizuia kimeng'enya kinachoizidisha, hata uvimbe mweusi kupita yote ukawa ndio ulio mgumu kusomeka, na ikalazimu DNA isafishwe tena au izimuliwe. Ya tatu ndiyo ya hila zaidi: formalini huiharibu herufi C ikasomeka kama T, na C kuwa T ndiyo alama mashuhuri ya miale ya jua, kwa hiyo mtafiti asiye na hadhari aweza kulishitaki jua kwa kosa lililotendwa na dawa ya kuhifadhia. Dawa ya hatari hiyo ni kurudia usomaji kwa DNA iliyotolewa upya, au kutumia kimeng'enya kinachoondoa herufi zilizoharibika kabla ya kuzizidisha.

Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Shinshu, mjini Matsumoto, walipotoa matokeo yao mwaka 2015, BRAF kwa jumla ilikuwa takriban 30%. Lakini walipozigawa melanoma kwa aina, ile inayotambaa juu ya ngozi ya kiwiliwili na viungo ilikutwa na BRAF katika zaidi ya nusu, kiasi kinachokaribiana na kile cha watu weupe, na ile ya nyayo na viganja ikaanguka chini sana. Hapo ndipo tafauti ya mataifa inapoyeyuka kwa sehemu yake kubwa: Mjapani na Mwingereza wenye melanoma ya aina moja hufanana kijeni kuliko Wajapani wawili, mmoja mwenye uvimbe wa mgongoni na mwingine wa kisiginoni.

Ni nini basi kiuanzishacho ugonjwa wa wayo, mahali ambapo jua halifiki? Mwaka 2016 watu wa Shinshu hao hao walionyesha kuwa melanoma za wayo huota zaidi katika sehemu zinazobeba uzito wa mwili. Na usomaji wa jenomu nzima uliofanywa Australia, uliotangazwa 2017, ulikuta kuwa melanoma za nyayo na viganja zina alama chache za jua na mivunjiko mingi ya kromosomu. Habari hii yatuhusu sisi pia, kwani kwa Waafrika weusi nayo melanoma hupendelea wayo, jambo lililochunguzwa nchini Uganda na kuandikwa tangu 1967, kabla ya mtu yeyote kuijua BRAF.

Katika matibabu mgawanyo huu una uzito wake. Vemurafenibu, inayoizuia BRAF iliyogeuka, iliruhusiwa Japani mwishoni mwa 2014, nayo haimfai asiye na kosa hilo. Nivolumabu, iliyotokana na ugunduzi wa Tasuku Honjo wa Kyoto, iliruhusiwa huko Julai ya mwaka huo huo, kabla ya nchi nyingine yoyote, nayo huamsha kinga ya mwili bila kujali BRAF. Hata hivyo taarifa ya Wajapani ya mwaka 2020 juu ya dawa za jamii hiyo ya pili ilionyesha kuwa uvimbe ulipungua kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye melanoma ya wayo au kiganja, na kwa wale wa chini ya ukucha haukufika hata mmoja kati ya kumi.