Saa ya Msimulizi: Mpangilio wa Matukio katika Maandishi Mawili Yahusuyo Nyangwe

Katika uigaji kwa kompyuta kuna njia kuu mbili za kuendesha wakati. Katika njia ya kwanza, saa husogezwa kwa hatua zilizo sawa, na kila hatua hukaguliwa hata kama hakuna lililotokea. Katika njia ya pili, saa huruka hadi tukio linalofuata katika orodha ya matukio yanayosubiri. Matukio yakiwa machache na yenye kuachana, njia ya pili hushinda kwa kasi. Yakisongamana, faida hiyo hupungua, kwani kuipanga orodha nako kuna gharama.

Mgawanyo huu unafaa katika kuhakiki maandishi mawili yahusuyo Nyangwe, mji wa soko ulioko ukingoni mwa mto Lualaba. Shajara ya David Livingstone ya mwaka 1871 inakwenda kwa tarehe. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa kwa Kiswahili mjini Berlin mwaka 1902 na 1903, yanaruka kutoka safari hadi vita, na kutoka vita hadi biashara ya pembe. Miaka hutajwa kwa nadra. Wanahistoria huona huo ni upungufu. Kifani, hata hivyo, ndio unaoyapa masimulizi kasi yake.

Lakini kasi si kipimo pekee. Anayeruka lazima awe ameamua mapema lipi ni tukio. Katika kompyuta uamuzi huo hauna madhara, kwa kuwa baina ya matukio mawili hali ya mfumo huchukuliwa kuwa haibadiliki. Nyangwe haikuwa hivyo. Baina ya safari na safari waliishi wachukuzi na wanawake wa sokoni, ambao tajiri wa pembe hakuwa na haja ya kuwapa nafasi kubwa katika orodha yake. Livingstone aliwaandika hata katika siku za kawaida. Ndiyo maana mauaji ya tarehe 15 Julai 1871, ambayo wafanyabiashara wenyewe walikadiria kuwa yaliangamiza watu kati ya 330 na 400, yanamfikia msomaji akiwa amekwisha kuwajua wauzaji hao.

Shajara nayo ina mpaka: Nyangwe yake inakoma mwandishi alipoondoka siku chache baadaye, hali masimulizi ya Tippu Tip yanakumbatia miongo kadhaa. Kwa hiyo, mwanafunzi anayeyalinganisha apime pia ni nani aliyeachwa nyuma saa iliporuka.