Linux Ipi Ndiyo Kubwa? Hesabu Zinavyofanywa na Zinavyoikosa Rusizi

Ni mifumo michache huria ya kompyuta iliyogawiwa Rwanda kwa wingi kama Sugar, mazingira ya kujifunzia yanayokaa juu ya Linux, na bado ukifungua orodha za mifumo mikubwa ya Linux duniani, Sugar huuoni. Uliingia nchini ndani ya laptopu za XO, zile za kijani na nyeupe zenye antena mbili kama masikio na kibodi ya mpira. Rwanda iliukubali mradi wa Laptopu Moja kwa Kila Mtoto mwaka 2007, ugawaji ukaanza 2008, na ndani ya miaka michache zaidi ya laptopu 200,000 zilikuwa zimefika kwenye shule za msingi za wilaya zote 30, Rusizi ikiwemo. Walengwa wakuu walikuwa wanafunzi wa darasa la nne hadi la sita.

Laki mbili si idadi ya kupuuza. Zipo distro nyingi, yaani matoleo mbalimbali ya Linux, zinazotajwa kila wiki katika habari za teknolojia ambazo hazijawahi kufikisha watumiaji wa kiasi hicho. Basi ilikuwaje mfumo uliokuwa mikononi mwa watoto wengi namna hiyo ukakosa kuitwa maarufu? Jibu limo ndani ya namna hesabu zenyewe zinavyofanywa, na ni vyema kuzifungua moja baada ya nyingine kabla ya mtu yeyote kushika msimamo kuhusu Ubuntu, Mint au Fedora.

Hesabu inayonukuliwa kuliko zote ni ile ya DistroWatch, tovuti iliyoanzishwa na Ladislav Bodnar mwaka 2001. Kila distro ina ukurasa wake pale, na kila anayeufungua huhesabiwa mara moja kwa siku kwa kila anwani ya IP. Wastani wa ziara hizo ndio unaopanga nani wa kwanza na nani wa kumi. Kwa njia hiyo Ubuntu ilikaa kileleni kuanzia 2005 hadi 2010, Linux Mint ikaipokea mwaka 2011, na baadaye MX Linux ikaongoza kwa miaka kadhaa, ingawa ni vigumu kumpata mtu anayeamini kwamba MX ina watumiaji wengi kuliko Ubuntu. Wenye tovuti hawakumdanganya mtu: wenyewe husema wazi kwamba namba zao hazipimi matumizi. Ni sawa na kupima biashara ya soko la Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi, kwa kuhesabu watu wanaouliza bei. Anayeuliza ana hamu, na hamu ni habari, lakini aliyekwisha kununua na kuridhika harudi kuuliza. Mtumiaji wa Debian wa miaka kumi hana sababu ya kufungua ukurasa wa Debian.

Hesabu ya pili hutoka kwenye vivinjari. Kampuni kama StatCounter huweka msimbo mdogo kwenye tovuti nyingi, na kila ukurasa unapofunguliwa, kivinjari hujitambulisha: mimi ni Chrome, niko juu ya Windows, au juu ya Linux. Kwa kipimo hicho Linux ilivuka asilimia 4 ya kompyuta za mezani na mpakato duniani kwa mara ya kwanza Februari 2024, na wapenzi wake walifurahi kwa haki. Lakini kipimo hiki hakiwezi kuamua ugomvi wa distro. Chrome iliyoko juu ya Mint, ya Fedora na ya Debian hujitaja kwa maneno yaleyale, kwamba ni Linux ya biti 64, basi. Firefox ya distro chache tu, kama Ubuntu, ilikuwa na mazoea ya kuongeza jina la distro katika utambulisho wake. Hapo hapo ChromeOS, ambayo kerneli yake ni Linux, hutengwa na kupewa mstari wake. Ukiiunganisha na wenzake picha inabadilika, na ukiitenga inabadilika tena, bila kompyuta hata moja kuhama.

Kuna hesabu iliyo bora kuliko hizo mbili, nayo ni ya Fedora. Zamani mradi huo ulihesabu anwani za IP zilizokuja kuomba masasisho, na kasoro yake ilijulikana: maabara nzima ya shule iliyo nyuma ya modemu moja ilionekana kama kompyuta moja, na laptopu moja inayohamahama kati ya mitandao ilionekana kama kadhaa. Kuanzia Fedora 32, mwaka 2020, programu ya DNF inapouliza orodha ya seva za kupakulia masasisho huongeza, mara moja kwa wiki, neno dogo mwishoni mwa ombi lake: countme, likifuatwa na namba kati ya 1 na 4. Namba 1 ni mfumo ulio katika wiki yake ya kwanza, 2 ni ulio ndani ya mwezi wa kwanza, 3 ni ule ambao haujapita takriban miezi sita, na 4 ni uliovuka hapo. Hakuna jina la mtu wala alama ya kuitambua mashine. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba inatenganisha aliyejaribu akafuta na aliyekaa. Tofauti hiyo DistroWatch haiwezi kuiona kamwe.

Debian nayo ina utaratibu wa hiari, popularity-contest, unaotuma kila wiki orodha ya vifurushi vilivyosakinishwa. Swali la kujiunga huulizwa wakati wa kusakinisha, na jibu lililowekwa tayari ni hapana, hivyo waliomo ni wale walioamua kusema ndiyo. Inafaa kujua kifurushi kipi kinapendwa kuliko kipi. Kujua Debian ina watumiaji wangapi, haifai.

Sasa iweke XO mbele ya vipimo hivi. Kompyuta yenyewe, katika toleo lake la kwanza, ilikuwa na kichakato cha AMD Geode cha MHz 433, RAM ya MB 256 na hifadhi ya GB 1, haina diski kuu, na skrini yake ilisomeka juani hata taa yake ikiwa imezimwa. Wahandisi waliichukua Fedora, wakaipunguza mpaka ikatosha humo, kisha wakaweka Sugar juu yake. Mtoto hakukuta madirisha wala mafolda. Alikuta duara la picha ndogo za shughuli: kuandika, kuchora, kupiga muziki, kupanga amri za programu. Kazi zake zilijihifadhi zenyewe katika shajara, na laptopu mbili zilizokaribiana ziliweza kuzungumza moja kwa moja kwa redio zao, bila intaneti.

Fundi anayesoma maelezo hayo anaona mara moja kwa nini hesabu zilimpita mtoto huyo. Masasisho ya XO yalikuwa na njia yake na seva zake, hayakupita kwenye seva za kawaida za Fedora, hivyo Fedora haikumhesabu. Darasa lililofanya kazi bila intaneti halikuacha alama kwenye tovuti yoyote, hivyo StatCounter haikumwona. Na hakuna mwanafunzi wa darasa la tano aliyekaa kulinganisha distro kabla ya kupewa laptopu na serikali. Mashine laki mbili, na kwenye majedwali ya dunia karibu sifuri.

Upande wa pili wa habari hiyo lazima nao usemwe. Laptopu iliyogawiwa si lazima iwe laptopu inayotumika. Shule nyingi za vijijini hazikuwa na umeme wa kuchaji darasa zima, walimu wengi hawakupata mafunzo ya kutosha, na mashine nyingi zilikaa kabatini. Mradi wenyewe ulipasuka mapema. Mwaka 2008, wakati Microsoft ilipokuwa ikiifanya Windows XP iweze kuendesha XO, Walter Bender, aliyeongoza kazi ya programu, aliondoka na kuanzisha Sugar Labs ili Sugar uendelee kuishi nje ya laptopu hiyo. Rwanda ilipohamia laptopu za Positivo BGH, kwa mkataba wa 2014 na uunganishaji uliofanyika Kigali, mashine mpya zilikuja na Windows. Hakuna mtoto aliyeulizwa Sugar ulipoingizwa, na hakuna aliyeulizwa ulipoondolewa.

Hapa ndipo mjadala wa umaarufu unapoteleza. Watu huzungumza kana kwamba mifumo huchaguliwa na mtumiaji mmoja mmoja, lakini katika shule hizo za Rwanda mfumo uliamuliwa na serikali na mikataba yake. Hata Ubuntu yenyewe, iliyotoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, haikuenea kwa kupakuliwa tu. Mpango wake wa ShipIt ulituma CD bure kwa posta duniani kote hadi ulipofungwa mwaka 2011, na kwa mtu aliyekuwa analipa intaneti kwa dakika, bahasha ile ilikuwa na thamani kuliko kiungo chochote cha kupakulia. CD moja ilinakiliwa na kukopeshwa, na nakala hizo hazimo katika hesabu ya mtu.

Hali ya Kamembe leo haiko mbali na hapo. Mji uko mkabala na Bukavu ya Kongo, mto Rusizi katikati, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu wa pande mbili sokoni. Kompyuta nyingi zinazofika kwa fundi ni za mitumba, nyingine na kibodi ya Kifaransa, nyingine ya Kiingereza. Fundi mwenye flashi moja iliyobeba Mint na Ubuntu anaweza kuhudumia mashine nyingi bila kupakua chochote upya. Zikiingia kwenye intaneti kwa mtandao wa simu, nyingi zitatumia anwani moja ya IP pamoja na wateja wengine wa kampuni hiyo ya simu. Mteja anayefuata huduma ya Irembo, tovuti ya huduma za serikali ya Rwanda, anahitaji kivinjari tu, kwa hiyo kilicho chini ya kivinjari anakiacha kwa fundi.

Kwa sababu hiyo, swali la umaarufu halina budi kutenganishwa na swali la ukubwa. Umaarufu ni hamu ya watu kwa wakati fulani. Ukubwa unaonekana kwa kuangalia nani anabeba wenzake, na hilo halihitaji takwimu za mtu wa nje, kwani limeandikwa ndani ya mashine yenyewe. Katika karibu kila distro ya sasa kuna faili dogo, /etc/os-release. Lifungue kwenye Ubuntu utakuta mstari wa ID unaosema ubuntu, na mstari wa ID_LIKE unaosema debian. Kwenye Mint ya matoleo ya karibuni ID_LIKE hutaja ubuntu na debian pamoja. Ni nasaba kamili. Kasoro ya usalama ikigunduliwa katika kifurushi ambacho Mint inakichukua kutoka Ubuntu, na Ubuntu ilikichukua kutoka Debian, kazi ya mtunzaji mmoja wa Debian ina uwezo wa kumfikia mtu ambaye hajawahi kusikia jina la mradi huo.

Kwa kipimo hicho Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni kubwa kuliko nafasi yoyote itakayopewa mwezi huu au ujao. Fedora ni kubwa kwa sababu hiyohiyo, na XO ni ushahidi: mradi uliotaka kompyuta ndogo ya watoto haukuanza na karatasi tupu, ulianza na Fedora. Arch imefika hapo karibuni, kwa kuwa Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, imejenga mfumo wake wa SteamOS juu yake. Ubuntu ni mtoto aliyekuwa mzazi. Mint ni kubwa kwa sababu nyingine, kwamba mtu aliyezoea Windows huketi mbele yake akaendelea na kazi, na kwa fundi wa Kamembe hilo lina uzito kuliko nasaba. MX, Zorin na nyingine nzuri za namna hiyo ni maarufu, na wanaozitumia wana haki ya kuzisifu, lakini Debian au Ubuntu ikisimama leo, zenyewe zitayumba. Kinyume chake si kweli.

Mjadala huu una tarehe inayoupa uharaka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza utunzaji wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na kichakato cha miaka ya karibuni, masharti ambayo kompyuta nyingi za mitumba hazitimizi. Siku hiyohiyo Zorin OS 18 ilitolewa, ikiwa imejengwa juu ya Ubuntu, na watengenezaji wake walitangaza upakuaji milioni moja ndani ya wiki chache. Upakuaji nao ni kipimo kingine chenye tundu: faili moja huenda likafutwa jioni ileile, na lingine likafufua mashine 40 za shule.

Kwa wilaya kama Rusizi hesabu ya maana ingeanzia chini, na ni rahisi. Mwalimu wa kompyuta wa kila shule, mwanzoni mwa muhula, angeandika mambo manne kwa kila mashine: ID, ID_LIKE, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho mashine ilipowashwa kwa ajili ya somo. Mbili za kwanza zinaonyesha familia, ya tatu inaonyesha kama masasisho bado yanatolewa, na ya nne inaitenganisha kompyuta ya darasani na ya kabatini. Zile za Windows ziandikwe vilevile, pamoja na kama zinakubali toleo la 11. Karatasi hizo zikikusanywa wilayani, zabuni itakayofuata itakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kutaja jina la mfumo wowote.