Kitabu Chenye Bunduki Nyingi

Vijana wa parokia yetu walinijia jioni moja na neno. Mmoja wao alikuwa amepata kitabu cha Kiingereza katika simu yake, akageuza kurasa kadhaa kwa Kifaransa, na sasa walitaka kukitumia kwa mchezo wao wa Jumamosi. Wakaniuliza: "Mwalimu, ni dhambi?" Haifai kukihukumu kitabu ambacho hatujakifungua. Basi nilikisoma, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza mchezo wenyewe. Ni mchezo wa kusimulia, unaochezwa mezani. Ulijulikana tangu mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani. Mmoja huwa msimulizi. Wengine hujitwalia kila mmoja mtu wa kubuni, husema mtu huyo atatenda nini, na dadu huamua kama atafaulu. Hapo sioni ubaya. Wazee wetu nao waliketi motoni wakasimulia, na wasikilizaji wakaitikia. Afadhali vijana watano wanaotazamana usoni kuliko watano wanaoinamia simu, kila mtu na yake.

Kitabu kinaitwa GURPS High-Tech. Kilitoka kwanza mwaka 1988. Toleo la 2007 liliandikwa na Shawn Fisher, Michael Hurst na Hans-Christian Vortisch. Si hadithi, bali ni msaada wa wachezaji, chenye vyombo vya kila namna, na bunduki zimejaa humo. Kila bunduki ina mstari wake katika orodha: uzito, umbali, idadi ya risasi, bei, na dhara lake, ambalo huhesabiwa kwa dadu.

Yapasa tuwape waandishi haki yao. Ni watu wa bidii, wala hawasemi uwongo. Katika sinema mtu hupiga risasi mchana kutwa asiishiwe. Katika kitabu hiki risasi huisha, bunduki hukwama, mzigo humchosha mwenye kuuchukua, na aliyejeruhiwa huweza kutoka damu hata afe. Anayecheza kwa kanuni hizi hujifunza upesi kuogopa vita. Hilo ni jambo jema.

Lakini tutazame safu ile ya uzito. Imewekwa ili mchezaji ajue mtu wake aweza kubeba nini. Bunduki ya Kalashnikov, iliyopokelewa na jeshi la Kisovyeti mwaka 1949, ina uzito wa zaidi ya kilo 4, na kasha lake la kawaida huingia risasi 30. Safu ya umri haimo. Sisi wa Bukavu twajua kwa nini ingefaa iwemo. Mwaka 1996 na 1997, katika majeshi yaliyomfuata Laurent-Désiré Kabila, walikuwamo watoto tuliowaita kadogo. Bunduki hiyo husifiwa kwamba ni rahisi kujifunza na haiogopi tope. Sifa hizo ndizo zilizomfaa mtu mzima aliyeitia mikononi mwa mtoto.

Tutazame tena safu ya dhara. Dadu hazirushwi ila risasi ikitoka. Katika Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, wamepokelewa wanawake wengi sana ambao hawakupigwa risasi hata moja. Bunduki ilielekezwa kwao tu, na mengine yakafuata. Kwa hesabu ya kitabu, bunduki hiyo haikufanya neno. Kwa hesabu ya mama zetu, ilifanya yote.

Mwenye kuitengeneza alilijua jambo hili mwishoni. Akiwa na miaka zaidi ya 90, Mikhail Kalashnikov alimwandikia Patriaki Kirill wa Kanisa la Urusi. Aliuliza kama yeye, mtu mwenye imani, ana hatia ya vifo vya wale waliouawa kwa bunduki yake. Hakuuliza habari za kilo wala umbali.

Nilipowaeleza vijana haya, mmoja alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, Februari 2025, M23 walipoingia mjini, tulilala chini ya vitanda tukisikiliza. Hatukuamua neno lolote. Mezani, walau, sisi ndio tunaoamua." Nakiri kwamba sikuwa na jibu jepesi. Mtu aliyetishwa na kitu hutaka kukishika, akijue, akipe hesabu. Pengine ndiyo sababu kitabu hiki kinawapendeza, wala si tamaa ya kuua. Tusiwahukumu haraka.

Basi sikusema ni dhambi. Nilisema kitabu kina upungufu, na wao waweza kuujaza. Niliwakumbusha usiku wa Gethsemane, Petro alipochomoa upanga akamkata mtumishi sikio. Wainjili wote wanne wameandika habari ya pigo hilo. Lakini Yohane peke yake ametupa jina la mtumishi, Malko, na Luka peke yake amesema kwamba Bwana alimponya. Upanga ulikuwa na urefu gani? Hakuna aliyeona haja ya kuuandika.

Nikawapa kanuni moja, isiyomo kitabuni: mtu yeyote atakayepigwa katika hadithi yao apewe kwanza jina, na kwao, na mtu mmoja anayemngoja nyumbani. Jumamosi iliyofuata nilipita pale jumbani. Dadu zilikuwa mezani hazijarushwa. Walikuwa wakibishana, kwa muda wa saa nzima sasa, jinsi ya kulivuka daraja bila kumpiga mlinzi, kwa maana walikuwa wamekwisha kumpa jina la mama yake.